Jiko Halilali na Watu

Maneno ya Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii kwa wakazi wa Arua na Koboko

  Tunasema nanyi kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo Mlugbara, Mkakwa, mfanyabiashara wa Ariwara na dereva aendaye Yei wanaelewana kwayo.

Tulipotangaza kwamba polisi watakuja kuzungumza juu ya majiko, baadhi yenu mlicheka. Mzee mmoja alituuliza kama wezi wa ng'ombe wamekwisha hata polisi wageuke wapishi. Swali la mzee ni la haki, nasi tutalijibu kwa kueleza jambo tulilolishuhudia wenyewe.

Katika msimu mmoja wa mvua tuliitwa alfajiri kwenye nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji. Hatutautaja mji wala jina la mtu, kwa kuwa jamaa za marehemu wangali wanaishi nasi. Katika chumba kimoja walikuwa wamelala mama, binti yake mdogo na mvulana wa miaka kama saba. Mama na binti walikuwa wamekwisha kufa. Mvulana alikuwa hai, lakini hakuweza kusimama, na alikuwa akitapika.

Kabla hatujafika, kijiji kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu. Jioni iliyotangulia, jirani mmoja, mwanamke aliyevuka mpaka akaja kupanga chumba cha pili, alikuwa amewapelekea sahani ya sombe. Basi likasemwa neno ambalo sisi sote tunalijua katika nchi hii: sumu. Wazee wa Kilugbara waliliita enyanya. Vijana walikuwa wameokota mawe. Godoro la mwanamke yule lilikuwa limetupwa matopeni, naye amejifungia ndani na mtoto wake. Askari wetu wawili walisimama mlangoni pake hadi wenzao walipofika, na tunawaambia kweli kwamba ilibaki kidogo tu siku ile tuhesabu maiti zaidi ya mbili.

Kisha tukaanza kuuliza, maana kazi ya polisi ni kuuliza. Nani alikula sombe ile? Mvulana alijibu mwenyewe kwa sauti ndogo kwamba ni yeye aliyekula nyingi. Dada yake hakuionja kabisa, kwa sababu alikuwa na homa na alikataa chakula. Basi aliyekula sana alikuwa hai, na asiyekula alikuwa amekufa. Sumu gani huua asiyeila ikamwacha aliyeila?

Tukaingia chumbani. Kati ya kitanda na ukuta palikuwa na sigiri iliyojaa majivu meupe, na majivu yale yalikuwa na joto bado. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia ili mvua isiingie. Mama na binti walilala kitandani, karibu na sigiri. Mvulana alilala mkekani, kichwa chake kikielekea mlango, na chini ya mlango ule palikuwa na uwazi wa upana wa vidole viwili. Uwazi ule ndio uliomwokoa. Mama alikuwa amepika nje, mvua ikamkuta, na binti alikuwa akitetemeka kwa baridi ya homa. Akaiingiza sigiri ndani ili mwanawe apate joto. Alifanya hivyo kwa upendo. Uchunguzi wa daktari ulithibitisha baadaye kwamba waliuawa na hewa ya mkaa.

Mwanamke jirani alivuka mpaka siku ileile, godoro lake likiwa limelowa juu ya pikipiki. Hajarudi hadi leo. Tuliwazika wawili, na tukampoteza jirani ambaye kosa lake lilikuwa kugawa chakula.

Hilo ndilo jibu letu kwa mzee. Jiko likiwekwa pasipo mahali pake huua, na likiisha kuua huacha nyuma yake watu wanaotafuta mchawi. Katika nchi hii ya mipaka, anayetafutwa kwanza ni mgeni. Ndiyo maana jiko ni jambo la usalama, nasi tumekuja kulisema.

Tueleze sasa jinsi mauti hayo yanavyokuja. Kuni au mkaa unapowaka kwa hewa ya kutosha, moto huumaliza vizuri. Hewa inapopungua, au makaa yanapobaki yakiungua polepole bila mwali, hutoka hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushikamana na chembe nyekundu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, nayo hushikamana kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Hivyo mtu huvuta pumzi kama kawaida, kifua kikipanda na kushuka, lakini ubongo na moyo wake havipati kitu.

Wahenga walisema kwamba palipo na moshi pana moto. Hawakusema kwamba pasipo na moshi hapana hatari. Watu wengi wetu huuogopa moshi wa kuni kwa sababu unawatoa machozi, kisha huuamini mkaa ulioiva kwa sababu haufuki. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa hewa hiyo kwa wingi. Moshi ulikuwa mlinzi wetu: uliamsha mtu, ukamkohoza, ukamtoa nje. Mkaa hauamshi mtu.

Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kukosa nguvu, na usingizi mzito usio wa kawaida. Mtaona kwamba dalili hizo hufanana na za malaria, na hufanana pia na za chakula kibaya, na hapo ndipo tunapodanganyika. Lakini ziko alama mbili za kutofautisha. Ya kwanza, watu wote waliomo chumbani huugua kwa wakati mmoja, hata kuku na paka waliolala humo. Ya pili, mtu hupata nafuu anapotoka nje penye hewa, kisha huugua tena anaporudi ndani. Malaria haifanyi hivyo. Mama mjamzito na awe na hadhari zaidi, kwa sababu hewa hiyo humfikia mtoto aliye tumboni na kumdhuru kuliko inavyomdhuru mama.

Moshi nao si rafiki. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Walio wengi hawakufa usiku mmoja. Walikufa kwa nimonia, kwa magonjwa ya moyo, kwa kiharusi na kwa mapafu yaliyochoka, baada ya miaka mingi ya kuinama juu ya mafiga. Katika Uganda zaidi ya nyumba 9 katika kila 10 hupika kwa kuni au mkaa. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya watu wa mbali.

Sasa tuzungumze juu ya kuchagua. Swali la kwanza si jiko gani linasifiwa sokoni. Swali la kwanza ni hili: nyumbani mwako mnachoma nini, na mnapikia wapi? Anayeokota kuni shambani hana haja ya jiko la mkaa, na anayepanga chumba mjini hawezi kujenga jiko la udongo katika nyumba ya mtu.

Kwa mwenye kuni na jiko la nje, jiko la udongo liitwalo Lorena Roketi ndilo linalofaa. Jina hilo lina safari ndefu. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi lililoipiga Guatemala mwaka 1976, mafundi wa huko walitengeneza jiko la udongo na mchanga, wakaunganisha maneno mawili ya Kihispania, lodo, yaani tope, na arena, yaani mchanga. Baadaye, katika miaka ya 1980, Mmarekani Larry Winiarski aliendeleza chumba cha moto chenye umbo la kiwiko cha mkono: kuni huingia kwa mlalo, mwali hupanda wima, na moshi huungua humohumo kabla haujatoka. Mawazo hayo mawili yalikutanishwa, na Wizara ya Nishati ya Uganda ikishirikiana na Wajerumani ikaeneza jiko hilo vijijini.

Uzuri wake ni kwamba vifaa vyake tunavyo. Udongo wa kichuguu huchanganywa na nyasi zilizokatwakatwa au unga wa mbao, ukakandwa hadi uwe kama unga wa mkate. Vipande vya shina la mgomba husimamishwa mahali ambapo moto utapita, udongo ukajengwa na kushindiliwa kuvizunguka. Udongo ukishikana, shina hutolewa, na nafasi yake inakuwa ndiyo njia ya moto. Kosa tunaloliona mara nyingi ni haraka. Jiko liachwe likauke kivulini wiki 2 au zaidi kabla ya kuwashwa, la sivyo litapasuka. Pia wengi hupanua mlango wa kuni ili waingize magogo makubwa. Mlango ukipanuliwa, hewa baridi hujaa, mwali hudhoofika, na jiko linarudi kuwa mafiga matatu yaliyopakwa udongo. Jiko hilo likijengwa vizuri na kutumiwa vizuri, kuni zinaweza kupungua kwa karibu nusu.

Kwa wakazi wa mjini wanaotumia mkaa, chagueni sigiri iliyotiwa kauri ndani ya bati. Sigiri ya namna hiyo ilienea Kenya kuanzia miaka ya 1980, mafundi wakiwa wamejifunza kutokana na majiko ya Thailand, na sasa huuzwa pia katika masoko yetu. Kauri huzuia joto lisikimbilie pembeni, hivyo mkaa mchache hupika chakula kilekile. Unaponunua, usiangalie rangi. Igonge kauri kwa kifundo cha kidole: iliyo nzima hulia kama chungu kizuri, iliyopasuka hutoa sauti iliyozibwa. Angalia kama kauri imeshikana na bati pande zote bila kutikisika. Fungua na ufunge kimlango cha hewa, maana hicho ndicho usukani wa moto. Weka sufuria yako mwenyewe juu yake, uisukume kidogo kwa mkono: ikiyumba dukani itapinduka nyumbani, na mtoto atakuwa karibu.

Kwa aliye na uwezo wa gesi, faida ni kubwa, kwa maana gesi haina moshi wala majivu. Mtungi usimame wima mahali penye hewa. Kila unapoufungia mpira, paka povu la sabuni penye kiungo: povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hulala chini kama maji. Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa, fungua milango na utoke. Na kwa waliofikiwa na umeme ulio imara, sufuria ya umeme yenye mfuniko wa kubana hupika maharagwe kwa umeme mchache kuliko watu wanavyodhani.

Lakini sikilizeni neno moja ambalo tungependa lirudi nanyi nyumbani hata kama mengine yote yatasahauliwa. Hakuna jiko la mkaa lililo salama kulala chumbani. Sigiri ya kauri hutumia mkaa mchache, nayo bado hutoa hewa ileile iliyomuua mama yule. Muuzaji akikwambia jiko lake la mkaa ni safi, maana yake halina moshi mwingi. Hakumaanisha kwamba unaweza kufunga mlango na kulala nalo. Jiko halilali na watu.

Katika kutumia, mambo ni machache. Kuni ziwe kavu na ziwe nyembamba. Ukuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kujikausha wenyewe. Mkaa uwashiwe nje, nao uingie jikoni baada ya kushika, kamwe usiingie chumba cha kulala. Maharagwe yalowekwe usiku, nayo yapikwe kwa sufuria iliyofunikwa. Bomba la jiko la udongo lisafishwe masizi mara kwa mara, maana masizi yakijaa moshi hurudi ndani. Majivu yasimwagwe karibu na ukuta wa nyasi, kwa sababu kaa moja lililojificha humo huweza kusubiri upepo wa kiangazi hata saa nyingi.

Na tuseme wazi juu ya petroli. Arua inajua biashara ya mafuta ya kando ya barabara tangu siku za vijana walioitwa Opec Boys, na hadi leo mafuta huuzwa kwa chupa. Wako wanaomwaga petroli kidogo juu ya mkaa ili ushike upesi. Mvuke wa petroli hushika moto kabla ya mkaa, na hurudi katika chupa iliyo mkononi. Afadhali kuchelewa kula kwa nusu saa kuliko kukaa hospitalini miezi. Tumia vijiti vikavu au maganda ya mahindi.

Tunajua mtatuuliza: basi baridi tuifanyeje? Ni swali la kweli. Nchi yetu ya Arua iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mvua mtoto hutetemeka. Hatuwezi kuwaambia watu waache joto bila kuwapa joto jingine. Kaeni jikoni pamoja hadi usingizi uje, mlango ukiwa wazi, kisha moto uachwe huko. Chemsheni maji, myatie katika chupa imara ya kufunga, mfunge chupa kwa kitambaa kinene, muiweke miguuni pa anayelala. Kitambaa kisiwe chepesi, ili ngozi isiungue. Lazeni watoto pamoja, na chini yao pawe na gunia au mkeka wa ziada, kwa kuwa baridi nyingi hupanda kutoka sakafuni. Mtoto mchanga alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, blanketi likiwafunika wote wawili. Wakunga hufundisha njia hiyo hospitalini, na hakuna sigiri inayoishinda. Na mtoto atetemekaye kwa homa hahitaji moto. Anahitaji kupimwa malaria kesho asubuhi, au usiku huohuo akizidiwa.

Neno hili linawahusu pia wasiolala nyumbani. Madereva wa malori, mnaposubiri kibali kule Vurra au Oraba, tunajua mnapika kando ya gari, na mvua ikianza jiko hupandishwa ndani ya kabini. Kabini ni chumba kidogo kuliko vyote. Walinzi wa maduka na maghala, ninyi hufungiwa kwa nje na tajiri, mkabaki na sigiri na gunia la mkaa. Tunawaomba matajiri wenu wawape blanketi na koti zito. Bei yake ni ndogo kuliko mazishi. Wenye nyumba za kupanga nao tunawaomba wajenge kibanda cha kupikia chenye paa, hata kama ni cha mabati machache. Mama yule aliingiza sigiri chumbani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pasiponyeshewa.

Liko jambo la pili linaloleta majiko mezani petu polisi, nalo ni kuni zenyewe. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sehemu kubwa yao wako hapa West Nile, katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi na hapa Koboko katika Lobule. Kila nyumba, ya mwenyeji na ya mkimbizi, hutaka kuwasha moto kila siku. Miti haiongezeki kwa kasi hiyo. Malalamiko yanayofika kwenye vituo vyetu tunayajua: mwanamke amekutwa shambani mwa mtu akikata matawi, panga limechukuliwa, maneno yamezidi, mkono umeinuliwa. Akina mama na mabinti wanaokwenda mbali kutafuta kuni hukutana na hatari nyingine ambazo hatuna haja ya kuzieleza hapa mbele ya watoto.

Mkaa nao huila misitu kwa siri. Kwa tanuru la kienyeji la udongo, kilo 1 ya mkaa hutokana na kilo 6 au zaidi za kuni. Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia ukataji miti kwa ajili ya biashara ya mkaa katika kaskazini mwa Uganda, na askari wetu huisimamia. Tunafahamu kwamba amri peke yake haipiki chakula. Lakini nyumba inayotumia nusu ya kuni ilizotumia jana, huenda nusu ya safari, na hupunguza nusu ya nafasi za kugombana. Tumeona mahali ambapo mwenyeji na mkimbizi walijengeana majiko ya udongo, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Mtu aliyekanda udongo jikoni mwako si rahisi kumwita mwizi wa kuni.

Mwisho, tuseme la kufanya ikiwa msiba umetokea. Ukikuta watu wamelala chumbani na hawaamki, usikimbilie kukaa nao. Fungua mlango na dirisha, vuta pumzi nje, ingia, mtoe mmoja, toka tena upumue. Wako waliokufa kwa kuingia kuokoa. Walioko hai walazwe ubavu penye hewa safi, wasipewe maziwa, mafuta wala dawa yoyote ya kunywa. Piga simu 999 au 112, na mpelekeni mgonjwa kituo cha afya upesi, mkimwambia mganga waziwazi kwamba mlikuta jiko ndani. Neno hilo ni la lazima. Katika hewa ya kawaida, damu huchukua saa 4 au 5 kuitoa nusu ya hewa hiyo mbaya. Kwa oksijeni ya hospitali muda huo hupungua hadi kama saa moja na nusu. Mganga asipoambiwa, atatibu malaria na saa zitapita.

Walioko wafu msiwaoshe wala msihamishe vitu vya chumbani kabla polisi hawajafika. Mahali pa sigiri, hali ya dirisha, nani alilala wapi: hayo ndiyo mashahidi wetu. Siku ile ushahidi uliomwokoa mwanamke jirani ulikuwa majivu, gunia na uwazi wa chini ya mlango. Kama vijana wangekuwa wamekwisha kuitoa sigiri nje, tungemtetea kwa nini?

Na kabla mtu hajatamka neno sumu, tunawaomba wenyeviti wa vijiji waulize maswali matatu. Je, ndani palikuwa na moto? Je, aliyepika alikula pia? Je, kuna aliyekula akabaki mzima? Maswali hayo hayachukui hata nusu saa, na nusu saa inatosha kuokoa uhai wa mtu. Anayeinua jiwe kabla ya kuuliza ni mhalifu mbele ya sheria, hata kama anaomboleza. Sisi tutafanya uchunguzi wetu kwa haki, na kama kweli kuna aliyeua, atafikishwa mahakamani, awe mwenyeji au mgeni.

Mvulana yule anaishi na bibi yake sasa, naye anasoma. Tulipomtembelea mara ya mwisho, bibi alituonyesha mahali anapoiweka sigiri yake usiku: juu ya jiwe, nje, chini ya upenu, imefunikwa kwa karai bovu ili mvua isiizime kaa la asubuhi. Hakufundishwa na mtu. Alisema tu kwamba jioni ile binti yake angekuwa na upenu, asingehitaji kitu kingine.

Basi leo mkirudi nyumbani, kabla ya kufunga mlango, kila mmoja na atazame jiko lake limelala wapi. Kama limelala ndani, litoeni. Kama jirani yenu hana upenu, msaidieni kupata mabati mawili. Na kama jirani huyo ametoka ng'ambo ya mpaka, mwambieni maneno haya kwa lugha anayoielewa.